Kufungua Tawi, Kufungua Mjane

Ilembo, Mpanda
12 Februari 1994

Shemeji Celestin,

Habari za Dar. Sisi wazima. Binti yangu Hana amejifungua huko Sitalike, mtoto wa kike, wamemwita Goreth jina la bibi yake. Goti langu la kushoto linauma nikibeba mahindi. Nikibeba mbao haliumi. Mvua imenyesha, nyumba ilivuja, nimeziba.

Neno lenyewe ni hili. Dada yako ana mwaka wa pili kaburini. Mazishi hukuja, ulisema treni. Matanga hukuja, ulisema kazi. Sikukulaumu. Ila mimi bado nimefungwa. Umekaa Dar siku nyingi, labda umesahau, nakukumbusha. Kwetu mwanaume akifiwa na mke anabaki amefungwa na marehemu mpaka ndugu wa marehemu aje, ammwagie unga wa mtama kichwani mbele za watu, aseme nimekufungua. Bila hivyo haoi. Akioa kwa nguvu, yule mwanamke anaugua. Ndugu wa Goreth aliyebaki ni wewe peke yako.

Kuna mama anaitwa Thacienne, anauza uji hapa stesheni tunapopakia magunia. Mjane na yeye. Ni mtu wa Katumba, kule kambini kwa Warundi. Tumeelewana. Lakini shangazi yake, Libérate, amesema hampi mtu aliyefungwa. Alisema huku amekunja mikono, basi hapo hakuna maneno tena.

Njoo unifungue. Siku moja inatosha. Unga ninao.

Mimi Apolinari


Dar es Salaam
20 Aprili 1994

Mpendwa Shemeji Apolinari,

Nakusalimu kwa niaba ya wanyonge wote wa nchi hii. Sisi hapa ni wazima, ila watoto wanakohoa kwa sababu ya vumbi. Providence mke wangu anakusalimu sana. Hongera kwa mjukuu.

Barua yako nimeipokea, na suala lako nimelipokea kwa uzito unaostahili. Kabla ya hapo nikupe habari. Na lile shirika nililokuwa nalifanyia kazi tumeachana. Sasa hivi mimi ni Katibu Mwenezi Msaidizi, Kanda ya Magharibi, wa Chama cha Wavuja Jasho, CHAWAJA, labda umetusikia redioni. Shemeji, zama zimebadilika. Vyama vingi vimekuja, lakini vingi ni vya wasomi kuzungumza na wasomi. Sisi ni chama cha mtu kama wewe, mwenye gunia mgongoni. Tunasema nchi hii ina watu wa aina mbili tu: punje na makapi. Punje ni nyie. Makapi ni vigogo, kama huyo Rénovat wenu mwenye malori, aliyenenepa kwa mgongo wa chama cha zamani. Ndiyo maana alama yetu ni ungo. Kiongozi akisema "Pepeta!", wananchi wanajibu "Makapi nje!"

Kanda yangu ina upungufu mmoja mdogo, nao ni kwamba haina tawi hata moja. Makao makuu hawaniruhusu kufanya ziara mahali pasipo na tawi. Kwa hiyo nakuomba ufungue tawi hapo Ilembo, kwako. Nitakuja kulizindua na suala lako tutalimaliza hapo hapo. Kufungua tawi ni rahisi: watu wachache, mlingoti mbele ya nyumba, na bendera. Bendera nakutumia. Ikichelewa, pandisha alama yenyewe.

Huyo mama Thacienne, je, ana kura?

Wako katika mapambano,
Celestin


Ilembo
3 Julai 1994

Shemeji,

Tuko salama. Hana amekuja na mtoto, mtoto ana macho ya dada yako. Mahindi tumevuna, sio mengi.

Thacienne hana kura. Watu wa kambini hawapigi. Hilo liache.

Wewe unataka nifungue tawi, mimi nataka unifungue. Nikaona nianze mimi. Nimekata mti mrefu, nimechimbia mbele ya nyumba. Bendera haijafika mpaka leo. Ukasema nipandishe alama. Nimepandisha ungo.

Sasa sikia, nyie huko Dar mlikaa kikao mkachagua ungo, hakukuwa na mtu wa bara hata mmoja kwenye hicho kikao? Mtu anayejua ungo unasafirisha watu gani? Asubuhi majirani wametoka, wameona mjane kaning'iniza ungo juu ya mti. Wakasema Apolinari kaegesha. Watoto wanazunguka mbali wakienda shule. Mama wa jirani kahamisha kuku.

Kazini ndio kubaya. Gunia la mahindi hujitwishi mwenyewe, wawili wanakunyanyulia, wewe unaingiza mgongo. Sasa nainama, hakuna anayeshika. Nainama pale kama mtu anatafuta shilingi. Mohamedi nyapara wetu kaniita pembeni. Akasema, "Apolinari, mimi ugomvi na wewe sina. Ila hicho chombo chako kinaondoka saa ngapi, nijue nisiwe nje."

Nimemwambia ni cha chama. Akasema wote wana chama chao, hilo anajua.

Nataka kuushusha. Tawi liko, nimekwambia liko. Njoo.

Apolinari


Dar es Salaam
15 Agosti 1994

Mpendwa Shemeji,

Salamu kwa wote, hasa mtoto Goreth. Providence amejifungua wa kiume, tumemwita Patrick. Nyumba ya chama tumepata, ina chumba kimoja na simu ambayo inapokea tu.

Nakusihi usiushushe. Nimekwisharipoti tawi la Ilembo katika kikao, wajumbe walisimama wakapiga makofi. Gazeti letu limeandika kwamba moto wa CHAWAJA umewaka Magharibi. Ukiushusha itakuwa moto umezimika, na aliyeuwasha ni mimi. Hayo ya uchawi ni mawazo ya kizamani. Waelimishe wananchi maana ya alama yetu kwa lugha nyepesi.

Ziara yangu imepangwa Oktoba. Suala lako nimelibeba moyoni.

Celestin


Ilembo
8 Desemba 1994

Shemeji,

Oktoba imepita. Hongera ya mtoto. Hapa mvua imeanza, tumepanda.

Nikueleze habari ya tawi, maana kuna jambo hata mimi silielewi.

Ungo niliushusha. Sikukusikiliza. Kesho yake wakaja watu, wakauliza jana ulikwenda wapi. Nikasema sikwenda popote, nimeutia ndani. Wakatazamana. Walikuwa na hofu kuliko mwanzo, maana ukiwa juu wanauona, ukiwa haupo hawajui uko kwa nani. Nimeupandisha tena ili watu walale.

Baada ya hapo wakaanza kujiunga. Kwanza yule wa kuku. Alisema kwa sauti ndogo kwamba anataka kuwa upande wangu. Nikampa kadi, zile ulizotuma. Akaja mwingine kuuliza kama kadi inazuia mbuzi kuibiwa. Nikasema sijui. Akachukua mbili. Sasa kadi zimeisha, tuma nyingine. Wakinikuta njiani wanasema "Pepeta" polepole, wanapita.

Kazini nikiinama wananyanyua watu wanne. Wananiwekea taratibu kama mayai. Hata mwenyekiti wa chama cha zamani ananiamkia, na mimi ni mdogo kwake. Nilijaribu kuwaeleza mambo ya punje na makapi kama ulivyosema. Mmoja akaniuliza kama makapi ni wale tunaowaendea usiku. Nikaacha.

Thacienne anacheka mpaka anaweka sufuria chini. Libérate hacheki. Anasema mtu aliyefungwa na marehemu, halafu ana ungo, huyo ni wa kukaa naye mbali mara mbili.

Tawi limefunguka. Mimi bado.

Apolinari


Dar es Salaam
2 Juni 1995

Mpendwa Shemeji,

Samahani kwa ukimya. Mambo yalikuwa mengi: vikao, mkutano mkuu, kisha kikao cha kujadili mkutano mkuu. Watoto hawajambo. Providence alikwenda kwao kidogo, amerudi.

Tawi lako sasa ni mfano wa taifa. Mwenyekiti wetu amelitaja mara tatu kuwa ngome iliyojengwa na mvuja jasho halisi. Uchaguzi ni Oktoba, na habari kubwa ni kwamba jimbo tumepata mgombea mzito: Bwana Rénovat.

Najua utasema huyu si yule niliyemtaja. Ndiye. Lakini siasa si kukaririana. Amegombea kwenye kura za maoni za chama chake, wamemwangusha kwa hila. Mtu aliyeonewa na vigogo ni mnyonge, hata akiwa na malori. Tena malori hayo ndiyo yatakayobeba wananchi kwenye mikutano. Kamati Kuu imeona kwamba yeye amejipepeta mwenyewe.

Tutafanya mkutano mkubwa Ilembo Jumamosi ya tarehe 16 Septemba, nami nitakuwepo jukwaani. Nakuagiza jambo moja: tafuta watu wa kurudisha kadi za chama cha zamani hadharani. Hilo ndilo linaloingia gazetini. Kila anayerudisha anapiga magoti, kiongozi anatwaa ungo wenye unga, anampepetea kichwani unga kidogo, anamwambia "Nimekufungua." Watu wanashangilia. Inapendeza sana.

Na suala lako tutalimaliza siku hiyo hiyo, nafasi ikipatikana.

Celestin


Ilembo
1 Julai 1995

Shemeji,

Barua yako nimepata. Wote wazima, mbuzi kafa.

Bwana Rénovat sawa. Mimi nimempakilia malori yake miaka mingi, sikujua ni mnyonge. Amenikuta stesheni akaniita ndugu. Alikuwa haniiti.

Hao wa kurudisha kadi sijapata. Watu wa hapa wanaweka kadi zote mbili, moja mfuko huu na nyingine huu. Lakini mimi mwenyewe nina kadi ya chama cha zamani, Goreth aliitunza kwenye sanduku. Nitarudisha mimi.

Masharti ni matatu. Unipepete wewe, sio Bwana Rénovat wala mtu mwingine. Unga nitaleta mimi, ni wa mtama. Na yale maneno uyaseme kwa kipaza sauti.

Apolinari


Dar es Salaam
9 Oktoba 1995

Mpendwa Shemeji,

Niliondoka bila kuaga, naomba radhi. Gari la Bwana Rénovat lilikuwa linakimbilia Majimoto, na mimi nilikuwa nyuma yake. Hata nyumbani kwako sikuingia, na kule kwa dada ulikotaka nifike pia sikuweza.

Lakini shemeji, ile siku. Nimehudhuria mikutano mingi, sijaona kitu kama kile. Ulipopiga magoti na kadi mkononi, uwanja mzima ulisogea kuona. Niliposema yale maneno nilisikia vigelegele. Wazee wawili waliokaa mbele walikuwa wanafuta machozi. Mwandishi wa gazeti aliniambia hajawahi kuona mwamko wa namna hiyo kwa watu wa umri ule. Picha yako imetoka ukurasa wa kwanza, unga kichwani, nakuambatanishia. Wafikishie wazee wale shukrani za chama.

Lile suala lako tutalimaliza baada ya uchaguzi. Naahidi.

Kura tunazitarajia nyingi.

Celestin


Ilembo
26 Novemba 1995

Celestin,

Wazima wote. Mtoto Goreth anakimbia. Mvua imechelewa.

Kura umesikia redioni. Ilembo hapa tulikuwa na kadi nyingi kuliko kura. Nilimuuliza yule wa kuku kampa nani. Akasema kampa wa zamani, maana ndani ya kile chumba cha kura hakuna anayemuona, hata mimi. Bwana Rénovat aliposhindwa alikaa wiki mbili, akarudi chama chake cha zamani. Walimpokea kwa ngoma. Jukwaa mliliacha uwanjani, hakuna aliyekuja kulidai. Zilikuwa mbao za mninga. Nimetengeneza kitanda.

Kitanda ndio nakuja kwenye neno lenyewe. Nimeoa. Padri katufungisha tarehe 11 mwezi huu.

Wewe ulisema utanifungua baada ya uchaguzi. Ulishanifungua. Wale wazee wawili ni wa ukoo wetu. Libérate alikuwa mbele yao, amevaa kitenge cha kijani, kama ulimwona. Niliwaita mimi, nikawaambia shemeji anakuja kunifungua, njooni mshuhudie. Wakaja. Wakaona ndugu wa marehemu, unga wa mtama, kichwa changu. Ukasema kwa kipaza sauti, "Ndugu, aliyekushika miaka yote hii hana tena haki na wewe. Nimekufungua. Nenda unakotaka." Mzee mmoja alilia hapo. Wewe ukadhani analilia chama cha zamani. Alikuwa anamkumbuka Goreth, alimpokea siku anaolewa.

Na vile vigelegele alianza Libérate. Naye hana kura.

Wazee walisema hawajaona mtu amefunguliwa kwa heshima namna ile, na gari, na watu wa Dar. Walisema kumbe shemeji yako ni mtu wa maana, tulikuwa tunamsema bure.

Nilitaka kukwambia kabla. Ungesema kuna kikao.

Ungo nimeushusha. Thacienne anapepetea mchele. Hakuna aliyeuliza.

Apolinari


Dar es Salaam
14 Januari 1996

Apolinari,

Watoto wazima. Providence amekwenda kwao na safari hii sijui.

Chama kimegawanyika. Tuna wenyeviti wawili, na kila mmoja anasema ungo ni wake. Ofisini kuna kufuli mbili juu ya mlango mmoja. Upande mmoja umenifukuza uanachama, umeniita kapi. Upande wa pili bado haujasema kitu, nadhani hawajui kama nipo.

Barua yako nimeisoma mara nyingi. Nimeona hukuniita shemeji, nikajua kwa nini.

Ungeniambia. Neno lile nimelisema katika mikutano mingi hata sihesabu, Tabora, Nzega, Urambo, kwa watu nisiowajua. Nisingelisema kwa Goreth namna ile, kipaza sauti kinapiga miluzi na yule Rénovat ananivuta shati nimalize haraka. Alikuwa dada yangu wa pekee. Mimi sikuwa nimemfungua.

Mazishi sikuja kwa sababu ya treni. Nataka ujue hivyo. Ilikuwa treni.

Celestin


Ilembo
18 Februari 1996

Celestin,

Barua yako Thacienne kanisomea mara ya pili, mara ya kwanza nilisoma mwenyewe. Sisi wazima. Goti limehamia la kulia. Mahindi yamefika kiunoni. Hana ana mimba nyingine.

Treni, sawa.

Sikukuita shemeji maana wazee wanasema ukifungua umekata. Ndio sheria, sikuitunga mimi. Lakini ina upande wa pili, labda na huo umesahau. Mke mpya anaingia kwa marehemu, anakuwa mtoto wa nyumba ile. Thacienne anauliza kama akuite kaka. Nimemwambia aulize mwenyewe, akasema nikuandikie. Nimekuandikia.

Kaburi la Goreth liko nyuma ya kanisa, la tatu kutoka kwenye ukuta. Thacienne ndiye anapalilia, mimi huwa nachelewa kazini. Amepanda maua, sijui ya nini, mekundu. Juzi nimemkuta anaongea peke yake pale. Nikauliza unasema nini. Akasema hayakuhusu.

Njoo ulale hapa, kitanda kipo cha wageni, kile cha zamani. Mohamedi anatafuta mtu wa kuandika magunia, wewe una mwandiko. Kama hutaki, ukae tu mpaka uchoke. Hakuna tawi hapa, hakuna wa kukupokea stesheni zaidi ya mimi.

Asubuhi ya kwanza nitakupeleka kule nyuma ya kanisa, nitakuacha peke yako. Useme unachotaka. Ila usihutubie.

Apolinari